Surua na Njia Zake: Kutoka Kilwa hadi Ufukwe wa Ziwa Nyasa



Tumezoea hapa kuzungumza habari za singo na liwa, udi na hina, na namna ya kuishi na mawifi kwa wema. Leo tunawaomba mtuvumilie twende safari ndefu kidogo: tuvuke bahari, tupite Kilwa, tukateremkie Ziwa Nyasa. Tunataka kuzungumza habari ya surua. Wazee wetu wengi wanaiita shurua. Wenzetu wa Kenya wanaiita ukambi. Ndugu zetu walioko Maskati wameshazoea kusema hasba, kwa Kiarabu. Ugonjwa ni ule ule: homa kali, mafua, kikohozi, macho mekundu yanayochuruzika machozi, kisha vipele vinavyoanzia usoni na nyuma ya masikio na kuteremka mwili mzima.

Kwa nini twende hadi Mbinga kuzungumza maradhi ambayo kila mama wa Unguja na Pemba anayajua? Kwanza kwa sababu binti zetu wengi siku hizi wanaolewa bara. Mume ni mwalimu, au askari, au mfanyabiashara, anapangiwa kazi Songea au Mbinga, na bibi harusi anafungasha mikoba yake na kwenda kuanza maisha mahali ambapo hajui hata zahanati iko wapi. Pili, kwa sababu ufukwe ule unafanana na visiwa vyetu kuliko tunavyodhani, na historia ya surua inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka kisiwani.

Mbinga iko Mkoa wa Ruvuma, kusini magharibi ya Tanzania. Juu ni milima ya Umatengo, yenye baridi, kahawa na mashamba ya ngoro, yale mashimo yanayochimbwa mteremkoni ili mvua isichukue udongo. Baadhi ya vilele vinakaribia mita 2,000. Chini, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kuna ziwa lenyewe: joto, miembe, muhogo, na dagaa wanaoitwa usipa wakianikwa mchangani. Lituhi, Liuli na Mbamba Bay zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010, ufukwe ulipotengwa na kuwa Wilaya ya Nyasa. Ng'ambo ya maji ni Malawi, na ukishuka kusini ni Msumbiji. Mlima nyuma, maji mbele. Kwa miaka mingi mtu wa ufukweni alifika haraka zaidi kwa mtumbwi kwenda kijiji cha jirani kuliko kwa miguu kwenda Mbinga mjini. Hicho ni nini kama si kisiwa?

Wala sisi si wageni wa ufukwe ule, ingawa namna tulivyojuana haikuwa ya heri. Katika karne ya 19, mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, aliweka makao yake Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, akajulikana kwa cheo cha Jumbe. Majahazi yake yalivusha pembe za ndovu na watu waliotekwa hadi ufukwe wa mashariki, na kutoka hapo misafara ikatembea wiki na wiki hadi Kilwa. Kutoka Kilwa waliletwa Unguja, mpaka soko lilipofungwa mwezi Juni 1873. Wapo watu hapa kwetu ambao bibi zao waliitwa Wanyasa, na hilo si jambo la kufichwa wala la kuonewa haya. Ukisikia habari za Liuli na Mbamba Bay, basi huenda unasikia habari za kwenu.

Njia ile ilipitisha bidhaa, lugha na dini, na ilipitisha maradhi pia. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, aliwauliza wasafiri na wafanyabiashara mmoja mmoja wametoka wapi na wameona nini. Mwaka 1876 akachapisha kitabu kinachoonyesha kwamba kipindupindu kiliingia Afrika Mashariki kwa kufuata njia za biashara, kambi kwa kambi, bandari kwa bandari. Yeye alikuwa akifuatilia kipindupindu. Kwa surua, kazi kama hiyo ilifanywa mbali sana na kwetu, na tutafika huko. Lakini kwanza Waislamu tuna hisa yetu katika kisa hiki.

Mtu wa kwanza kuandika kitabu kizima cha kutofautisha surua na ndui alikuwa Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, aliyesimamia hospitali huko kwao na Baghdad na kufariki kiasi cha mwaka 925. Kabla yake waganga walichanganya maradhi yote yenye vipele. Yeye alikaa na wagonjwa akatazama. Akaona kwamba maumivu ya mgongo ni dalili zaidi ya ndui, na kwamba kichefuchefu na mahangaiko yanazidi kwa mwenye hasba. Kitabu chake, kwa jina la Kiarabu chenye maneno judari na hasba, kilitafsiriwa Kilatini, na Kiingereza mwaka 1848, yaani kiliendelea kusomwa na madaktari zaidi ya miaka 900 baada ya kufa kwake. Tunajivunia, na tuna haki. Hata hivyo al-Razi hakuona kwamba maradhi haya yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Yeye alieleza kwamba damu ya mtoto inachemka na kuchacha kama maji ya zabibu, na vipele ni povu lake. Jicho lake lilikuwa kali kitandani pa mgonjwa. Mlangoni hakutazama.

Aliyetazama mlangoni ni kijana wa Kidenmaki wa miaka 25, Peter Panum. Mwaka 1846 serikali yake ilimpeleka visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, ambako surua ilikuwa imelipuka. Visiwa vile vilikuwa na watu 7,782 tu, na surua haikuwa imeonekana huko tangu mwaka 1781, yaani miaka 65. Ilipoingia, ikisemekana kwa fundi seremala aliyetoka Copenhagen kwa meli, iliwaangusha watu kama 6,000 katika miezi michache. Wakulima, wavuvi, mabibi, wachanga, wote kwa pamoja, hata hapakuwa na wa kumpa mwenzake maji.

Panum alikwenda kijiji kwa kijiji kwa mashua. Kwa kuwa vijiji vilitengana na mgeni akija kila mtu anajua siku aliyofika, aliweza kuhesabu. Akagundua kwamba tangu mtu akutane na mgonjwa mpaka vipele vitoke ni siku 13 au 14. Akagundua pia kwamba mgonjwa anaambukiza kabla hajajulikana vizuri kuwa ana surua. Na akagundua jambo la tatu, ambalo sisi tunaliona ndilo la kushangaza zaidi: wazee waliougua mwaka 1781 wakiwa watoto hawakuugua tena, hata mmoja, ingawa walikaa chumba kimoja na wajukuu zao wagonjwa. Miaka 65 imepita na mwili bado unakumbuka.

Tafadhali, msomaji, zikumbuke siku hizo 14, kwa sababu ndizo siri ya surua. Mtu anahudhuria harusi Jumapili. Anapanda meli, anashuka, anakaa na jamaa, anapakata watoto. Wiki ya pili anaanza mafua ambayo kila mtu anadhani ni mafua ya kawaida. Vipele vinatoka siku nne baadaye, na zile siku nne zote alikuwa akiambukiza. Vijidudu vyake vinabaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Kati ya watu kumi wasio na kinga walioko karibu naye, tisa wataugua. Hakuna maradhi mengi duniani yanayoenea kwa kasi hiyo.

Surua haiwezi kukaa mahali padogo kwa kudumu. Inahitaji mji wa kiasi cha watu robo milioni au zaidi ili kila wiki ipate mtoto mpya wa kumwingia. Mahali penye watu wachache inapita kama moto wa nyasi, inawamaliza wasio na kinga, inazima. Kisha inangoja watoto wengine wazaliwe, na inangoja chombo cha kuileta. Kwa hiyo kwa watu wa visiwani na wa ufukweni, surua ni mgeni anayekuja kwa vipindi. Akichelewa kurudi watu wanamsahau, na kadiri anavyochelewa ndivyo anavyowakuta watoto wengi zaidi wa kuwaingia.

Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani aliugua surua, na kila baada ya miaka miwili au mitatu ilikuja mikubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 2.6 walikufa kila mwaka. Ndiyo maana zile sehemu za ziwa zilipopata hospitali, kazi kubwa ya wauguzi ilikuwa kukaa na watoto wa homa na vifua. Hospitali zile zililetwa na wamisionari wa Kikristo, na haki lazima isemwe. Waingereza wa UMCA, ambao makao yao ya kwanza katika pwani hii yalikuwa hapa Unguja na kanisa lao liko Mkunazini mpaka leo, waliweka kituo kisiwani Likoma miaka ya 1880, na tangu 1901 meli yao Chauncy Maples ilizunguka ziwa. Liuli ikapata hospitali ya Mtakatifu Anne. Juu milimani Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, wakaeneza huduma zao hadi Umatengo, na Litembo ikawa na hospitali ambayo Wamatengo wanaitegemea mpaka sasa.

Lakini surua haikuwa na dawa, na haina dawa mpaka leo. Muuguzi wa Liuli aliweza kutoa maji, chakula laini, kitambaa cha baridi, na baadaye dawa za nimonia. Kinachoua watoto mara nyingi ni kinachofuata baada ya vipele: nimonia, kuharisha, kudhoofu kwa wiki kadhaa. Watafiti wamethibitisha, katika utafiti uliotoka 2019, kwamba surua inafuta sehemu ya kumbukumbu ya mwili, kinga ambayo mtoto alishajipatia dhidi ya maradhi mengine. Bibi zetu waliposema mtoto aliyetoka kwenye shurua asitolewe nje haraka, walikuwa wameona kitu. Waliposema asipewe maji au asilishwe, hapo walimdhuru bila kukusudia.

Na macho. Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu kisa hiki ni cha Tanzania yetu na hakijulikani inavyostahili.

Miaka ya 1980 daktari wa macho Allen Foster alikuwa akifanya kazi Tanzania. Aliona watoto wengi wenye vidonda vya kioo cha jicho, wengine wanapofuka macho yote mawili. Yeye na Alfred Sommer walichunguza watoto 130 wenye vidonda hivyo, na asilimia 37 ya vidonda vilihusiana na surua ya karibuni. Mtoto anayeishi kwa muhogo au uji mtupu ana vitamini A kidogo mwilini. Surua ikimwingia inakula akiba yote iliyobaki, jicho linakauka, linachubuka, linapasuka. Na mara nyingine familia, kwa huruma tu, ilitia jichoni dawa za majani zilizozidisha kidonda.

Halafu wakafanya jambo rahisi. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida. Kundi moja likaongezewa vitamini A kwa mdomo, siku ya kulazwa na siku iliyofuata. Katika kundi lisiloongezewa walikufa 12 kati ya 92. Katika kundi lililoongezewa walikufa 6 kati ya 88. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na mwaka huo huo mashirika ya Umoja wa Mataifa yakahimiza vitamini A kwa watoto wenye surua. Kumbe London mwaka 1932 daktari Ellison alishawapa watoto 300 wenye surua mafuta ya ini la samaki akalinganisha na 300 wengine: waliokufa walikuwa 11 kwa 26. Dunia ikasahau kwa zaidi ya miaka 50, mpaka watoto wa Dodoma walipoikumbusha. Yale matone mekundu wanayopewa watoto wetu kila miezi sita, Juni na Disemba, yana damu ya historia hiyo. Na mama wa ufukwe wa Nyasa anayempa mwanawe usipa wazima pamoja na vichwa na maini, na embe bivu msimu wake, anafanya tiba bila kuandikiwa na daktari.

Chanjo yenyewe ilipatikana Marekani. John Enders na Thomas Peebles walikiotesha kirusi cha surua maabara mwaka 1954, na chanjo ikaruhusiwa mwaka 1963. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mpango wa dunia. Suali likawa: mtoto achanjwe lini? Ukimchanja mapema mno, kinga aliyoipata tumboni kwa mama inaizuia chanjo isishike. Ukichelewa, surua inamuwahi. Jibu lilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Machakos, Kenya, miaka ya 1970, watafiti walipima damu za watoto mwezi kwa mwezi wakaona kinga ya mama inavyopungua, na kutokana na kazi kama ile dunia ikachagua miezi tisa kwa nchi zenye surua nyingi. Sindano ya miezi tisa ambayo mama wa Jambiani anampelekea mwanawe ilihesabiwa kwa watoto wa Kikamba.

Kuifikisha sindano hiyo Mbamba Bay lilikuwa jambo jingine. Chanjo ya surua ni kirusi kilichodhoofishwa, kiko hai, na kinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka mkononi kwa mtoto. Ikipata joto inakufa, na ukiitazama kichupani hutajua. Fikirieni safari yake: kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kutoka Songea kupanda Mbinga, kisha kuteremka ule mteremko wa takribani kilomita 66 hadi ziwani, ambao kabla ya lami wakati wa masika ulikuwa tope na makorongo. Mwishoni ni jokofu la mafuta ya taa ambalo utambi wake ukizimika usiku, kazi ya wiki nzima imekwisha. Kutoka zahanati, muuguzi anachukua kibebeo cha barafu na kwenda kliniki ya mkoba, chini ya mwembe, kwa mguu au kwa mtumbwi. Majokofu ya jua na barabara ya lami vimepunguza sana tabu hiyo. Lakini tunasema wazi: watoto wa ufukwe ule walikingwa na wanawake wawili, muuguzi aliyebeba barafu na mama aliyeacha shamba siku nzima akasubiri foleni, na majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Sasa tazameni ilivyotokea ng'ambo. Mwaka 2010, Malawi, nchi ambayo kwa miaka mingi ilisifiwa kwa chanjo yake na ilikuwa na vifo vichache mno vya surua, ilipatwa na mlipuko wa zaidi ya wagonjwa 100,000. Madaktari Wasio na Mipaka walishiriki kuchanja zaidi ya watoto milioni 3.3. Ilikuwaje? Ni hesabu. Chanjo ya miezi tisa inashika kwa watoto kama 85 katika 100. Ongeza waliokosa kabisa kuchanjwa. Kila mwaka wanabaki wachache, mwaka hadi mwaka wanajikusanya, hakuna anayewaona kwa sababu surua haipo. Kisha siku moja anashuka msafiri mwenye mafua. Kutoka Nkhata Bay hadi Mbamba Bay ni ziwa tu, na mashua zinavuka kila wakati.

Ndipo utaelewa kwa nini Tanzania iliongeza dozi ya pili, miezi 18, mwaka 2014. Dozi mbili zinawakinga watoto kama 97 katika 100, na ili surua ikose pa kupita, jamii inahitaji watu 95 katika 100 wawe na kinga. Tatizo ni kwamba kwa miezi 18 mtoto anakimbia, ana afya, mama huenda ana mimba nyingine au amehamia kwa mume mahali pengine. Ya kwanza anaipeleka. Ya pili anaisahau. Ukituuliza sisi udhaifu uko wapi leo, katika Mbinga na katika Micheweni, tutakwambia uko katika ile safari ya pili ya kliniki.

Mwaka huo huo wa 2014 chanjo ya surua iliunganishwa na ya rubela, na hapa mabibi harusi tunawaomba msogee karibu. Rubela kwa mtoto ni vipele vidogo vya siku tatu, haimsumbui. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi kupita kawaida wamezaliwa na mtoto wa jicho. Alipokusanya habari alipata watoto 78, na karibu mama zao wote walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba, wakati wa mlipuko wa mwaka uliotangulia. Leo tunajua inaweza kuleta upofu, uziwi, ugonjwa wa moyo au kuharibika kwa mimba. Kampeni ya Oktoba 2014 iliwachanja watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Maana yake, bibi harusi aliyezaliwa kabla ya mwaka 1999 huenda alichanjwa surua akiwa mchanga lakini rubela hajawahi kuchanjwa. Tunapomwandaa mwari kwa singo na mafunzo ya somo, na hili liulizwe kwa daktari, na liulizwe kabla ya nikah. Chanjo hii haipewi mwenye mimba, na aliyechanjwa husubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ukiuliza baada ya harusi, huenda umeshachelewa.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao kuuliza, kuhusu halali ya chanjo yenyewe. Suali hilo lina historia pia. Mwaka 1995 wanazuoni na madaktari walikutana Kuwait wakajadili vitu vya asili ya nguruwe vinavyogeuzwa kabisa hali yake, wakaona kwamba kitu kilichogeuka kinachukua hukumu mpya. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilichukua njia nyingine kuhusu chanjo ya surua na rubela iliyokuwa ikitumika kwao: likasema asili yake ina haramu, lakini matumizi yanaruhusiwa kwa dharura, kwa kuwa hapakuwa na mbadala na madhara ya kuacha ni makubwa. Wamefika kwa njia mbili tofauti, na hakuna aliyesema mtoto aachwe bila kinga. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake kwa ukamilifu, amweleze na ugonjwa wenyewe ulivyo.

Na kwa wanaosema kilichoandikwa kimeandikwa, tunakumbuka kisa cha Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, alipokaribia Sham akapata habari ya tauni. Alishauriana na masahaba, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda alipomhoji kama anakimbia kadari ya Allah, Umar alimweleza kwamba anaondoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah huyo huyo. Kisha Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, inayokataza kuingia nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia ukiwa ndani yake. Panum alikuwa bado hajazaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja.

Tumalizie na harusi, kwa sababu hapo ndipo tulipo wengi wetu. Harusi yetu ni nyumba moja ndogo, wanawake mia mbili, madirisha yamefungwa kwa ajili ya sitara na udi, wageni wametoka Dar, Mombasa, Songea, Dubai, na kila mmoja ana mtoto mapajani. Utafiti wa Peter Aaby huko Guinea-Bissau, miaka ya 1970 na 1980, ulionyesha kwamba mtoto anayeambukizwa ndani ya nyumba yenye msongamano, akilala na mgonjwa chumba kimoja, anaugua vikali zaidi kuliko yule aliyeileta. Na kuna jambo jipya ambalo bibi zetu hawakuwa nalo: mama aliyepata kinga kwa sindano, si kwa ugonjwa, anampa mwanawe tumboni kinga ndogo kidogo, na inaisha mapema. Wachanga wetu wa leo wako wazi kwa muda mrefu zaidi kabla ya miezi tisa kuliko tulivyokuwa sisi.

Kwa hiyo wenye shughuli, mkipanga orodha ya wageni, wenye vichanga chini ya miezi tisa msiwakasirikie wakikataa kuja ukumbini. Wapelekeeni pilau na halua nyumbani, ingali moto, na bibi harusi akapige nao picha siku ya pili, barazani, penye upepo.